Namna ya kumnywesha simbilisi maji ya kutosha na kumtambua mapema anapoanza kuugua

Simbilisi ni mnyama aliyezoea kuwindwa, na akiumwa jambo la kwanza analofanya ni kuficha maumivu. Hula kidogo, hukaa na wenzake, huonekana mzima, kumbe ndani mambo yameshaharibika siku mbili tatu zilizopita. Anaponyong'onyea waziwazi, muda wa kumwokoa unahesabika kwa saa. Lakini kuna vitu viwili asivyoweza kuvificha: maji anayokunywa na uzito wake. Vyote viwili hupimika nyumbani, kwa chupa na mizani ya jikoni inayosoma gramu, na ndivyo tutakavyoanza navyo.

Kwanza, jua kiasi chake cha kawaida

Makadirio ya kuanzia ni mililita 100 za maji kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Simbilisi mzima huwa na gramu 700 hadi 1,200, kwa hiyo tarajia mililita 70 hadi 120. Anayepewa majani mabichi mengi atakunywa chini ya hapo, kwa kuwa anapata maji kwenye chakula. Anayeishi kwa nyasi kavu na peleti (chakula kikavu cha punje cha dukani) tu, mwenye mimba, anayenyonyesha, na aliye mahali pa joto atakunywa zaidi. Usihangaike kumlazimisha afikie tarakimu ya kitabuni. Unachotafuta ni tarakimu yake mwenyewe, ili ikibadilika uone.

Pima hivi, kwa siku 7 mfululizo:

1. Jaza chupa saa ileile kila siku, kisha weka alama ya wino pale maji yalipofika.
2. Tundika chupa ya pili ya aina ileile nje ya kizimba, kwa urefu uleule, mahali ambapo hakuna mnyama anayeifikia. Hii inakuonyesha maji yanayodondoka yenyewe.
3. Baada ya saa 24, pima kilichopungua katika kila chupa, ukitoa cha chupa ya nje kutoka kile cha chupa ya ndani.
4. Gawanya kwa idadi ya wanyama.

Mfano: chupa ya ndani imepungua mililita 230, ya nje mililita 30, na wanyama ni wawili. Kila mmoja amekunywa wastani wa mililita 100. Bila ile chupa ya nje ungedhani wamekunywa 115 kila mmoja. Chupa ikivuja zaidi ya hapo, mnyama anaweza kuwa amekaukiwa huku wewe ukiridhika kwamba maji yanakwisha vizuri. Hilo ndilo kosa linalowaponza wafugaji wengi: huangalia chupa tupu, hawaangalii matandazo yaliyolowa chini yake.

Wastani wa wanyama wawili hauwezi kukuambia nani hanywi. Ukitilia shaka, weka wavu katikati ya kizimba kwa siku moja, kila upande na chupa yake. Usiwatenganishe vyumba, maana simbilisi aliyetengwa na mwenzake huacha kula kwa huzuni na vipimo vyako vitakudanganya.

Chupa, bakuli, au vyote viwili

Chupa ya kutundika yenye mrija wa chuma na gololi mdomoni huweka maji safi na kukupa kipimo. Udhaifu wake ni gololi yenyewe. Simbilisi hunywa na chakula kikiwa mdomoni, na mabaki ya nyasi na peleti hupanda ndani ya mrija yakaganda nyuma ya gololi. Chupa inaonekana imejaa, mnyama analamba chuma, hapati kitu. Kwa hiyo kila asubuhi bonyeza gololi kwa kidole mara tatu nne. Tone litoke kila mara, na kiputo cha hewa kipande ndani ya chupa. Kiputo kisipopanda, mrija umeziba.

Tundika chupa mdomo wa mrija ukiwa usawa wa kidevu cha mnyama aliyesimama kwa miguu minne, ainue kichwa kidogo tu. Ikiwa juu mno, mdogo haifikii na mzee mwenye maumivu ya viungo ataacha kunywa. Ikiwa chini mno, matandazo hugusa mrija na kunyonya maji yote usiku mmoja. Hata kwa mnyama mmoja, weka chupa mbili: moja ikiziba, ya pili inamvusha hadi utakapogundua.

Chupa inayodondoka mfululizo huwa na mojawapo ya sababu hizi: mpira wa kifuniko umechakaa au umekaa upande, kifuniko kimekazwa vibaya, au chupa imejazwa nusu. Ijaze hadi juu kabisa kabla ya kuipindua. Nafasi ya hewa ikiwa kubwa, hewa hiyo hutanuka mchana joto likipanda na kuyasukuma maji nje. Usiitundike kwenye jua.

Bakuli hunyweka kwa urahisi zaidi, na wapo simbilisi wasioipenda chupa kabisa. Chagua la kauri, zito, pana, lenye kimo cha sentimita 4 hadi 5, ili lisipinduke. Liweke juu ya kigae au ubao, mbali na wanapojisaidia, ubadilishe maji asubuhi na jioni na kila unapoona nyasi au kinyesi ndani. Mnyama mgonjwa au aliyetoka kung'olewa jino apewe bakuli, hata kama amezoea chupa.

Usafi na maji yenyewe

Maji yanayofaa kunywewa na binadamu yanamfaa simbilisi. Yawe ya joto la kawaida la chumba. Ya barafu hatayagusa sana, na yaliyopata moto juani pia hatayataka.

Mwaga yaliyobaki kila siku, usiongezee juu yake. Angalau mara mbili kwa wiki sugua chupa kwa burashi ndefu, na mrija kwa burashi nyembamba au pamba iliyozungushiwa kijiti. Ukiona utelezi au ukijani ndani, loweka katika siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa nusu saa, sugua, kisha suuza mpaka harufu iishe. Harufu ya siki au sabuni ikibaki, atakataa kunywa, nawe utadhani anaumwa.

Vitamini C haiwekwi majini

Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kutengeneza vitamini C. Mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye mimba au mgonjwa anahitaji zaidi. Asipoipata, dalili za kiseyeye huweza kuanza ndani ya wiki mbili: viungo kuvimba, kuchechemea, kulia akishikwa, manyoya kukakamaa, fizi kuvuja damu, vidonda kutopona.

Matone ya kuweka kwenye chupa yanauzwa, ila hatuyapendekezi. Vitamini hiyo huharibika haraka ikiwa majini, zaidi panapokuwa na mwanga na chuma, hivyo hujui mnyama amepata kiasi gani. Baya zaidi, hubadilisha ladha ya maji na wengine huacha kunywa. Mpe kwenye chakula: kipande cha gramu 20 cha pilipili hoho nyekundu hubeba miligramu 20 au zaidi. Au mpe kwa sirinji moja kwa moja mdomoni. Peleti zilizoongezwa vitamini C hupoteza nguvu kadiri zinavyokaa. Soma tarehe ya kutengenezwa na uzitumie ndani ya siku 90.

Majani mabichi kama chanzo cha maji

Tango lina maji asilimia 95 hivi. Linafaa siku ya joto au safarini, ambako chupa humwagika kwa mtikisiko na mnyama mwenye hofu hanywi. Kata vipande viwili vya unene wa sentimita moja, inatosha. Lina lishe ndogo, hivyo lisichukue nafasi ya pilipili hoho na majani ya saladi yenye kijani cha kuiva. Osha majani, mpe yakiwa na matone, jumla ya kikombe kimoja kwa mnyama kwa siku. Anayeanzishiwa majani aongezewe polepole kwa wiki nzima. Ukimjazia ghafla ataharisha, na kuhara ndiko kunakomaliza maji mwilini kuliko kiu yoyote.

Nyasi kavu zibaki kuwa chakula kikuu, zisikosekane usiku na mchana. Utumbo wake hufanya kazi kama pipa la kuchachushia: nyuzi za nyasi huusukuma, maji hulainisha. Maji yakipungua, vilivyomo hukauka na kwenda polepole, gesi hujaa, tumbo huuma, mnyama huacha kula, na kwa kutokula utumbo husimama zaidi.

Dalili za upungufu wa maji mwilini

Anza na sakafu ya kizimba, kabla ya kumshika mnyama. Kinyesi cha kawaida ni punje za kahawia iliyoiva, zenye umbo la tembe, laini kidogo zikibonyezwa. Anayekaukiwa hutoa punje ndogo, ngumu, zilizochongoka upande mmoja, na chache. Mkojo unapungua na kuwa mzito, wenye harufu kali.

Kisha mshike. Gusa ufizi kwa kidole: uteleze. Ukinata, au mate yakivutika kama gundi, amekaukiwa. Macho yaliyozama na yasiyong'aa ni dalili ya kuchelewa. Vuta ngozi taratibu kati ya mabega na uiachie. Irudi mara moja. Ikirudi polepole, upungufu umeshakuwa mkubwa. Kipimo hiki kina kasoro mbili: ngozi ya shingo ya simbilisi ni nene, na mzee au aliyekonda ngozi yake hulegea hata akiwa mzima. Ndiyo maana ufizi na kinyesi tunaviamini zaidi.

Kumnywesha kwa sirinji

Fanya hivi kwa mnyama mwenye fahamu anayemeza, wakati unapanga safari ya kwa daktari wa mifugo.

1. Tumia sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano, na maji ya uvuguvugu.
2. Mviringishe taulo, kichwa kikiwa nje, akae kwa miguu minne mapajani mwako. Kamwe usimlaze chali.
3. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, kwenye uwazi ulio nyuma ya meno ya mbele, ikielekea shavu la pili. Usielekeze kooni.
4. Toa mililita 0.2 hadi 0.5, subiri atafune na kumeza, ndipo uendelee.
5. Ishia mililita 5 hadi 10 kwa kikao, rudia kila baada ya saa mbili.

Maji yakitoka puani au akikohoa, acha mara moja na umwinamishe kichwa kidogo. Maji yanayoingia mapafuni huleta homa ya mapafu, na hiyo huua upesi kuliko kiu. Aliye dhaifu kiasi cha kutomeza asinyweshwe nyumbani. Daktari atamwekea maji chini ya ngozi.

Asiyekula naye anahitaji chakula pamoja na maji. Saga peleti zake, loweka kwa maji ya uvuguvugu zilainike kama uji mwepesi, umlishe kwa njia ileile kila saa tatu hadi nne, usiku pia, jumla ya mililita 50 hadi 80 kwa kilo kwa siku. Isipokuwa tumbo limevimba na kukaza kama ngoma: hapo usimlishe chochote, mkimbize.

Mizani kila wiki

Mpime siku ileile, saa ileile, kabla ya chakula cha asubuhi. Weka boksi dogo juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, mweke ndani na jani moja la kumtuliza. Andika kwenye daftari. Kupanda na kushuka kwa gramu 20 au 30 ni kawaida, kwani utumbo na kibofu vikijaa tu uzito huongezeka. Akipungua gramu 50, mpime kila siku na uchunguze meno, kinyesi na maji. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, mfano kutoka gramu 1,000 hadi 900, ni mgonjwa hata kama anarukaruka, na aonwe siku hiyohiyo. Kwa wanaolala kizimba kimoja, mizani ndiyo itakayokuonyesha nani anasukumwa mbali na chakula.

Kumkagua kutoka puani hadi mkiani

Simbilisi mwenyewe hana mkia, ila ukaguzi ufike huko nyuma. Baada ya mizani, chukua dakika tano.

*Macho na pua.* Kimiminika cheupe kama maziwa kinachotoka jichoni kwa sekunde chache, anachokichota kwa miguu ya mbele kuoshea uso, ni cha kawaida. Wengi hushtuka bure. Utongo uliokauka kwenye kope, pua yenye kamasi, na kupumua kwa mlio ni maambukizi ya njia ya hewa. Hesabu pumzi akiwa ametulia: kawaida ni 42 hadi 104 kwa dakika. Muhimu zaidi kuliko hesabu ni jitihada: mbavu zikivutika kwa nguvu au kichwa kikinyanyuka ili apate hewa, hali ni mbaya. Bakteria wa Bordetella, wanaokaa kwa sungura na mbwa bila kuwasumbua, humletea simbilisi homa ya mapafu kali. Usimfuge kizimba kimoja na sungura.

*Mdomo.* Meno yote 20 hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele unayaona; magego huyaoni, na ndiyo yanayoleta balaa, kwani yakirefuka huufunga ulimi usisogee. Dalili ni kidevu kulowa udenda, kuchukua chakula na kukiangusha, kuchagua laini na kuacha nyasi. Anayekwenda kwenye sahani kwa hamu kisha akageuka bila kula ana njaa na ana maumivu. Anayeumwa tumbo haendi kabisa. Tofauti hiyo mwambie daktari, itamsaidia kujua aanzie wapi.

*Ngozi na manyoya.* Kujikuna mpaka kutoa damu, upara na magamba ni utitiri. Ukizidi, huweza kumtia degedege. Unatibika vizuri kwa dawa ya daktari iliyopimwa kwa uzito. Upara wa mviringo wenye ukurutu, hasa usoni, huenda ni choa, nacho huambukiza watu: vaa glovu. Jike anayepoteza manyoya mbavuni pande zote mbili bila kujikuna mara nyingi ana uvimbe kwenye ovari. Uvimbe chini ya taya unaweza kuwa jipu; usiutumbue.

*Miguu.* Mbele vidole vinne, nyuma vitatu. Nyayo ziwe laini na safi. Wekundu, gamba au kidonda hutokana na sakafu ya waya, unyevu wa chupa inayovuja, au unene. Badilisha matandazo kwanza, kwani dawa peke yake haiponyi.

*Mkojo na sehemu za nyuma.* Mkojo wa simbilisi kwa kawaida una ukungu, na ukikauka huacha unga mweupe mwembamba. Ukiacha chengachenga kama mchanga, akilia anapokojoa au kutoa damu, shuku mawe ya kibofu. Lusini (majani ya alfalfa) na spinachi nyingi huongeza hatari kwa simbilisi aliyekomaa, na kunywa maji kidogo huizidisha. Mkojo wenye rangi ya kutu unaweza kutokana na chakula. Tandika kitambaa cheupe, na rangi ikirudi, upimwe.

Anayeanza kunywa mara mbili ya kawaida yake naye ana jambo. Ondoa kwanza sababu za joto, kuvuja na kupungua kwa majani mabichi. Ukibaki na maji mengi pamoja na kukonda, shuku kisukari au figo. Usimpunguzie maji hata kidogo.

Yasiyosubiri kesho

Hajala kwa saa 12. Hajatoa kinyesi kwa saa 12. Tumbo limekaza. Anapumua mdomo wazi. Anaharisha majimaji. Kichwa kimepinda upande. Amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho nusu wazi, anasaga meno. Mwenye mimba aliyeacha kula wiki mbili za mwisho, au aliyezaa ndani ya wiki moja akazubaa. Lolote kati ya haya ni safari ya leo, usiku huu ikibidi.

Joto nalo lina haraka yake. Simbilisi hustawi kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi. Juu ya 28 anaweza kuzirai. Akilala chali au ubavu, akihema na kudondosha mate, mpeleke kivulini, lowesha masikio na nyayo kwa maji ya baridi kiasi, mpepee, mpe maji akiweza kumeza, kisha mwende kwa daktari. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu.

Unapokwenda kwa daktari

Beba daftari la uzito na maji, punje za kinyesi za siku hiyo kwenye mfuko, na mwenzake aliyemzoea ikiwa hana ugonjwa wa kuambukiza. Taja kwamba ni simbilisi kabla ya dawa yoyote kuandikwa. Penisilini, ampisilini, amoksilini, erithromaisini, linkomaisini na klindamaisini za kumeza huua bakteria wema wa utumbo wake, na sumu ya bakteria wabaya wanaobaki huweza kumuua ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo usimpe mabaki ya antibayotiki za mtu, mbwa au paka, hata tone. Akiandikiwa antibayotiki inayomfaa, endelea kupima uzito kila siku hadi amalize dozi, na akianza kuharisha au kuacha kula katikati ya dozi, piga simu kwa daktari kabla ya kumpa kipimo kinachofuata.